Banda la gemu Nkuhungu lenye hoki ya barafu, nendeni mkajaribu

Kwa wale wa Dodoma mliochoka na FIFA mwanzo mwisho, kuna banda moja la PS huku Nkuhungu, halina bango ila ukishuka kwenye daladala ukamuuliza dogo yeyote anakupeleka hadi mlangoni. Ndani TV nne, mabenchi ya mbao, feni moja, bei ni 500 kwa mechi au buku mbili kwa saa, hizo ni bei za mtaani tu hazina jipya. Kilichonifanya niandike ni kwamba jamaa ana NHL 21, gemu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Canada, ile yenye staa Ovechkin kwenye kava, alafu anakufungulia akaunti yako kabisa kwenye mashine, ukirudi hata baada ya wiki unaendelea ulipoishia na hakuna aliyegusa. Mabanda mengi hapa mjini ukisema unataka kuseva wanakuambia cheza ya kwako maliza toka, na kwa gemu hii kuseva ndo kila kitu mana utamu wake wote uko kwenye ile modi ya Be a Pro, unatengeneza mchezaji mmoja tu na unaishi nae kariya yake yote.

Kama hujawahi kuiona hoki ya barafu usiogope, unaielewa haraka. Kila timu watano na golikipa, vipindi vitatu vya dakika 20, wanateleza na viatu vya visu wakigombania paki, ule mpira bapa mweusi wenye gramu kama 170 hivi. Wanaingia na kutoka bila mechi kusimama, mtu anakaa ndani kama sekunde 45 anakimbilia benchi mwingine anaruka ndani, kwahiyo ukiona mchezaji wako katolewa usidhani kocha kakasirika, ndo mchezo wenyewe ulivyo. Na hata huku kwetu Afrika Mashariki sio kitu cha ajabu tena, Ice Lions wa Nairobi wamejifunzia kwenye barafu ya hoteli ya Panari, na mwaka 2024 Kenya ikaingizwa kwenye shirikisho la dunia.

Sasa turudi kwenye gemu. Watu wengi wakikaa pale wanataka mchezaji wao awe staa msimu wa kwanza, anakuwa na namba kubwa, anachukua kombe, basi. Mimi nawashauri tengeneza mchezaji wa kawaida. Fowadi wa laini ya nne, yaani kundi la mwisho linaloingia dakika chache, sio mrefu, sio mkali sana. Hapo ndo utaiona gemu ilivyo nzuri, kocha anakupa kazi katikati ya mechi, nipatie shuti mbili kabla kipindi hakijaisha, usipofanya imani yake kwako inapungua kidogo kidogo mpaka unajikuta umeshushwa AHL, ligi ya chini, unacheza huko huku unaangalia kama watakuita tena. Mule ndani moyo unadunda kwa kitu kidogo kama kuzuia shuti moja kwa mwili, mana unajua hiyo ndo inakubakisha juu.

Na hayo ni maisha ya kweli ya wachezaji wengi sana. Kwenye NHL timu haziuziani wachezaji kwa hela kama tulivyozoea kwenye soka, zinabadilishana mtu kwa mtu au mtu kwa nafasi ya kuchagua vijana wapya wanaoingia ligi, na mwenyewe haulizwi mpaka awe na kipengele kwenye mkataba kinachomlinda. Wengi wana mkataba wa njia mbili, ukiwa juu unalipwa mshahara wa juu, ukishushwa unalipwa mdogo, na tofauti yake ni kubwa mno mana kima cha chini cha NHL msimu wa 2023-24 kilifika dola 775,000 na huko chini hata robo yake wengi hawaigusi. Mchezaji mwenye uzoefu akitakiwa kushushwa anawekwa kwanza kwenye waiva, timu nyingine zina saa 24 za kumchukua bure, kwahiyo jamaa analala hajui kesho anaamkia mji gani. Mike Sillinger alichaguliwa na Detroit mwaka 1989 akaishia kuchezea timu 12 za NHL, hiyo ni rekodi, na mechi zake zimepita 1,000. Mtu wa timu 12 sio mtu mbaya jamani, mtu mbaya hafiki mechi 1,000! Huyo ni mtu ambaye kila mwaka kuna kocha sehemu anamhitaji.

Dodoma tunalielewa hili kuliko miji mingine nadhani, toka serikali ianze kuhamia hapa 2016 mji umejaa watu walioletwa na barua ya uhamisho. Kuna kaka mmoja mtumishi wa serikali kule Mtumba anakuja jioni na kitambulisho bado kinaning'inia shingoni, siku hiyo mchezaji wake katolewa Boston kapelekwa Arizona, kwenye TV ikaja jezi mpya. Jamaa akaweka pedi chini akauliza, "Sasa familia inakuwaje?" Mwenye banda akamjibu, "Mkuu hapa hakuna familia, bonyeza X tu tuendelee."

Hapo ndo naikosoa gemu. Uhamisho umekuwa mwepesi mno, unabonyeza kitufe umeshafika. Mwaka 2016 John Scott, mchezaji ambaye kazi yake ilikuwa kupigana uwanjani na aliyekuwa na magoli matano tu kwenye NHL nzima, mashabiki walimpigia kura awe nahodha kwenye mechi ya mastaa, watu wa ligi hawakufurahi, na kabla ya mechi akatolewa Arizona kwenda Montreal na kushushwa moja kwa moja St. John's, kule kisiwani Newfoundland, Canada, wakati mke wake ana mimba ya mapacha iliyokaribia kabisa. Alienda kwenye ile mechi Nashville akafunga mawili akachukua mchezaji bora, wenzake wakambeba mabegani. Gemu haina kitu hata kimoja cha namna hiyo, haina mabasi ya usiku ya ligi za chini, haina yule anayemalizia hoki yake Uingereza, Sheffield au Belfast, kwa mkataba wa msimu mmoja mmoja akiwa amepewa nyumba na gari na klabu. Wangeweka hata simu moja kwa mke ningewapa nyota tano, sasa hivi nawapa nne.

Banda lenyewe nalipatia nyota tano bila kusita, mana mwenye banda anaipenda kazi yake, umeme ukikatika hakuhesabii dakika zile na anakukumbusha kuseva kila baada ya mechi. Nendeni asubuhi siku za kazi, kuanzia saa kumi wanafunzi wanajaza TV zote. TV ya mlangoni pedi yake inavuta kushoto yenyewe, na kwenye hoki hiyo ni shida kuliko FIFA kwa sababu kwenye barafu ukishaanza kuteleza vibaya kurudi ni kazi, kwahiyo mwambie akupe ile pedi ya bluu.