DSLR mpya au kamera isiyo na kioo cha ndani?

Kila msimu wa harusi hapa Kisumu swali hurudi: ninunue DSLR mpya, yaani kamera yenye kioo cha ndani kinachoelekeza mwanga kwenye kitundu cha kutazamia, au ile isiyo na kioo hicho?

Kwa bei, DSLR inashinda, hasa upande wa lenzi. Canon imeuza lenzi za EF, zinazofungwa kwenye DSLR zake, tangu 1987, kwa hiyo za mtumba hazikosekani. Betri nayo: DSLR ya Canon 2000D hupiga takriban picha 500 kwa chaji moja, maana unatazama kupitia kioo, si skrini inayokula chaji muda wote. Stima ikipotea katikati ya harusi kule Ahero, utaishukuru.

Lakini nenda Dunga asubuhi, umtazame mdiria akielea hewani, mabawa yakipiga, kabla hajajitosa majini. Hapo modeli za karibuni zisizo na kioo hazina mpinzani: zinashika jicho la ndege na kulifuata, tena kimya. Na watengenezaji wakubwa wamehamishia nguvu zao huko.

Vumbi? Nyingi zisizo na kioo huacha sensa, sehemu inayonasa picha, wazi ukibadilisha lenzi. Badilishia ndani ya gari.

Anayeanza na mkopo wa chama, DSLR itamrudishia pesa mapema. Mwenye lenzi za EF tayari ahamie polepole, kwani kuna adapta ya kuzifunga kwenye Canon zisizo na kioo. Wa ndege na video, heri asubiri akusanye pesa za isiyo na kioo.