Dubai hadi Guangzhou moja kwa moja: hesabu ya saa inayowaponza wengi

Njia hii nimeipita mara nyingi, na kosa ninalokutana nalo kila msimu wa maonyesho ya Canton (yale ya biashara ya Guangzhou), Aprili na Oktoba, ni lile lile: watu hawajui kuhesabu saa za tiketi.

Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 5,830. Ndege haiufuati sawasawa. Hupita kusini ya Himalaya, mara nyingi juu ya India na Myanmar kisha jimbo la Yunnan, China, kwa sababu hewa ya ndani ikivuja rubani lazima ashuke haraka hadi mita 3,000 hivi, na juu ya Tibet milima yenyewe imepita kimo hicho. Kwenda ni saa 7 na robo hadi 7 na nusu. Rubani akitangaza saa 6 na dakika 50, usifurahi mapema: tiketi inaanza kuhesabu ndege inapoondoka getini, na pale Dubai kujikokota tu hadi njia ya kurukia kunaweza kula dakika 20. Kurudi ni saa 8 hivi, maana mnapambana na upepo wa juu utokao magharibi. Desemba hadi Machi ndiyo miezi yake.

China iko mbele kwa saa 4. Ukiondoka Dubai 10:00 unatua 21:20 za kule, mwili wako ukiwa bado kwenye saa kumi na moja jioni. Usingizi utausikia kwa jirani. Mimi huchukua ya alfajiri: ukiruka 03:00 unafika 14:20, metro laini ya 3 inatembea na hotelini chumba kiko tayari.

Mtego mkubwa uko kwenye kurudi. Tiketi ikisema tarehe 15, saa 00:15, hiyo ni saa sita na robo usiku, na uwanjani unatakiwa uwe tarehe 14 saa tatu usiku. Anayekwenda usiku wa tarehe 15 ameshaachwa siku nzima.

Huduma ndani naipa nyota 4. Chakula kizuri, ila soketi ya kiti changu ilikuwa imekufa. Pawabenki ya mAh 20,000 ni Wh 74, yaani wati-saa (zidisha mAh kwa 3.7, gawa kwa 1,000), kikomo ni Wh 100, na iwe kwenye begi la mkononi. Iliyofutika maandishi wanaichukua pale Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, bila mjadala.

Wa Kariakoo na Gikomba: mkikata Dar au Nairobi hadi Dubai kwa tiketi moja na Guangzhou kwa nyingine, someni kikomo cha mzigo kwenye zote mbili. Moja inaweza kuhesabu vipande, nyingine kilo. Boksi lipimeni kabla ya kupiga gundi.