Chipu ipi ununue kwa amplifaya ya kujitengenezea: mwongozo kwa walioko Dodoma

Kabla ya kuulizia bei ya chipu, amua kwanza umeme utautoa wapi. Betri ya sola ya volti 12 kule Bahi au Chamwino, transfoma ya umeme wa TANESCO mjini na chaja ya simu ya volti 5 ni vyanzo vitatu tofauti, na kila kimoja kina chipu yake. Wati zinazotajwa dukani hupimwa kwa volteji ya juu. Kwenye volti 12 hutazipata zote.

1. TDA7297: kwa mwenye betri

Hii ndiyo tunayowapendekezea wengi. Inakubali volti 6.5 hadi 18, ina kushoto na kulia ndani ya chipu moja, na huisukuma kila spika kutoka ncha zote mbili. Kwa hiyo volti 12 zinatoa wati 5 hadi 6 safi kila upande kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika), bila kapasita (vihifadhi chaji) kubwa za kwenye njia ya spika. Kwa sebule au saluni zinatosha kabisa.

Sharti ni hizo omu 8. Spika nyingi za gari ni omu 4, nazo zitaichemsha mpaka ijizime. Usiamini maandishi ya nyuma ya spika, pima kwa mita: ya omu 8 husoma kati ya 6 na 7, ya omu 4 husoma kama 3 na nusu. Kila spika ipewe nyaya zake mbili. Ukiunganisha hasi za spika pamoja, au ukaigusisha mojawapo na hasi ya betri, umepiga shoti.

Ikipigwa kwa nguvu, chipu hii hutoa joto la wati 8 hivi. Chini ya bati, mwezi wa Novemba, kipande cha alumini cha ukubwa wa kiberiti hakifui dafu. Tafuta hitisinki (chuma cha kupoza chipu) yenye mapezi, au bamba la alumini la milimita 3, sentimita 15 kwa 15. Lisimamishe wima na upake grizi ya joto, nyembamba tu. Weka kapasita ya mikrofaradi 2200 ya volti 25 kwenye umeme unaoingia, na ndogo ya nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu ya chipu.

Umeme uchukue kwenye vichwa vya betri, kupitia fyuzi ya ampea 3. Ukiutoa kwenye kidhibiti cha sola, mara nyingi utasikia mlio mwembamba mchana kutwa paneli inapochaji.

Kwa umeme wa TANESCO, tumia adapta ya volti 12 ya ampea 3. Transfoma ya volti 12 ni hatari hapa: baada ya dayodi na kapasita, volti hupanda hadi 16, na muziki ukiwa kimya zinaweza kupita 18.

2. TDA2030A: kwa mwenye transfoma

Transfoma ya 12-0-12 (yenye waya wa kati, na volti 12 kila upande wake) ya ampea 2, baada ya dayodi na kapasita, inakupa volti +16 na -16, na hapo chipu moja hutoa wati 18 kwenye spika ya omu 4. Nunua mbili kwa stereo. Kwenye betri ya volti 12 chipu hiyohiyo haifiki hata wati 3, ndiyo maana iko nafasi ya pili.

Mgongo wake wa chuma umeungana na mguu wa 3, yaani upande wa -16. Ukiifunga moja kwa moja kwenye boksi la chuma lililounganishwa na ethi, fyuzi inakwenda. Weka karatasi ya maika, isiyopitisha umeme, na bushi ya plastiki kwenye skrubu. Ukuzaji wa sauti uwe mara 33, kwa resista za kiloomu 22 na omu 680. Ukishusha chini ya mara 16 chipu huanza kutetemeka kiumeme yenyewe na kuchemka bila muziki. Usisahau kuweka resista ya omu 1 na kapasita ya nanofaradi 220 kwenye njia ya kutokea.

Feki ni nyingi. Sugua maandishi kwa asetoni: yakifutika kirahisi, yamechapwa upya.

3. TDA2003

Ilitengenezwa kwa redio za gari. Kama spika zako ni za omu 4 na una betri, chukua hii badala ya TDA7297. Utapata wati 3 hivi, upande mmoja kwa kila chipu.

4. PAM8403

Ni ya volti 5, wati 3 kila upande, na haihitaji hitisinki. Mwisho wake ni volti 5.5, ukiigusisha betri ya 12 imekufa.

LM386 haifikishi wati moja kwenye betri ya kawaida, inafaa kujifunzia tu. TDA7294 ya wati 100 isubiri.

Ukiwasha mara ya kwanza, usifunge spika. Pitisha umeme kwenye balbu ya indiketa ya gari ya wati 21: ikimweka na kuzima, sawa, ikibaki inawaka, kuna shoti, zima. Kisha pima volti za DC pale spika itakapokaa. Kwenye TDA7297 zisizidi 0.1 kati ya ncha mbili. Kwenye TDA2003 au TDA2030A ya umeme mmoja (isiyo na upande wa -16), pima baada ya kapasita ya kutokea.