Vipuri vya ziada vya Benelli M2 ya mashindano: vinavyostahili fedha na visivyostahili

Katika mashindano ya bunduki tatu nchini Marekani, ambamo mshindani hutumia bastola, raifeli na shotigani, Benelli M2 ya geji 12 ni miongoni mwa shotigani zinazoonekana mara nyingi sana uwanjani, na kwa sababu hiyo imetengenezewa vipuri vingi na karakana zisizo za kiwanda chenyewe. Mtu anayeinunua leo hukutana na orodha ndefu: mipini mikubwa ya bolti (kipande kinachokwenda mbele na nyuma kufunga mtutu), vitufe vipana, mabomba ya nyongeza ya kubebea risasi, vinyanyuzi vya risasi, springi za kila ugumu, choki za kila kipimo, yaani vipande vinavyobana mdomo wa mtutu. Tathmini hii inahusu vile nilivyovifunga au kufungiwa na fundi na kuvitumia mashindanoni, na msimamo wangu ni kwamba fedha ya kwanza iende pale mkono unapokutana na bunduki wakati wa kujaza risasi. Vipuri vinavyoahidi kuufanya mtambo uende kasi zaidi vingoje, kwa kuwa M2 kutoka kiwandani hufyatua kwa kasi kuliko wengi wetu tunavyoweza kulenga.

Ili kuelewa kwa nini kipuri fulani kinafaa na kingine kinadhuru, ni lazima kujua jinsi bunduki hii inavyofanya kazi. Benelli, kiwanda cha Urbino nchini Italia kilichoanzishwa mwaka 1967, kilijijengea jina kwa mfumo wa inesha uliobuniwa na Bruno Civolani. Risasi inapolipuka, bunduki nzima husukumwa nyuma, lakini mwili wa bolti, kwa uzito wake, hubaki pale ulipo kwa muda mfupi sana na kuibana springi fupi ngumu iliyo kati yake na kichwa cha bolti. Springi hiyo inapofunguka, huurusha mwili wa bolti nyuma, kichwa huzunguka na kufunguka, na ganda hutolewa nje. Hakuna pistoni wala matundu ya gesi, na ndiyo maana mtambo hubaki safi hata baada ya siku nzima ya mashindano. Sharti lake ni moja: bunduki ipate nafasi ya kurudi nyuma. Kila gramu unayoiongeza huipunguzia bunduki mwendo huo, na risasi nyepesi, zenye gololi za gramu 28 au pungufu, ndizo za kwanza kuonyesha tatizo.

Sasa tuje kwenye kujaza. Kanuni za mashindano mengi huweka kikomo cha risasi zinazoruhusiwa kuwa ndani ya shotigani kabla ya ishara ya kuanza, mara nyingi 9, ilhali zoezi lenyewe linaweza kuhitaji zaidi ya hizo. Kwa hiyo mshindani hujaza akikimbia, na washindani wazuri hushika risasi nne kwa mkupuo, mbili nyuma ya mbili, wakazisukuma jozi kwa jozi kwa dole gumba. Hapa ndipo M2 ya kiwandani inapokwamisha. Mdomo wake wa kujazia ni mwembamba, kingo zake ni kali, na kinyanyuzi cha risasi, yaani ulimi ule unaoipandisha risasi kuelekea kwenye bolti, humbana mtu dole gumba anapolitoa kwa haraka. Wanaojua bunduki hii wanayajua maumivu hayo.

Kupanua mdomo wa kujazia ndiyo kazi iliyonipa faida kubwa kuliko zote, na pia ndiyo ambayo nisingemshauri mtu aifanye nyumbani kwa tupa. Kisanduku cha mtambo cha M2 ni cha aloi ya alumini, laini kuchongeka, na kilichokatwa hakirudishwi. Fundi bunduki mwenye mashine ya kuchonga chuma hupanua pande zote mbili kwa ulinganifu, huteremsha kingo kwa mteremko laini ili risasi ijiongoze yenyewe ndani, na huacha bila kuguswa sehemu zinazoshika vizuizi vya risasi. Unapopokea kazi yake, pitisha kidole polepole kuzunguka mdomo wote: usihisi ukingo, mikwaruzo wala mawimbi ya mashine. Tazama pia kama alumini iliyobaki wazi imepakwa rangi au imetiwa kinga upya, kwa kuwa jasho la mkono huila pole pole. Gharama yake ni mamia ya dola, na kwa anayeshindana kwa dhati sioni kipuri kingine kinachorudisha fedha hiyo kwa haki kiasi hicho.

Kinyanyuzi kilichorefushwa huandamana na kazi hiyo, na nadhani kuvitenganisha ni kupoteza nusu ya faida. Ncha yake huwa ndefu na pana zaidi, kwa hiyo dole gumba huteleza juu yake badala ya kunaswa chini yake. Kwenye M2 kinyanyuzi kimefungwa kwenye kundi la kifyatuo, ambalo hutoka kwa kusukuma pini moja, na mtu mwenye subira, meza safi na mwanga wa kutosha anaweza kukibadilisha mwenyewe. Ugumu uko kwenye urefu. Kikiwa kirefu kupita kiasi kitagusa mahali kisipopaswa kugusa, na bunduki itakwama. Kwa hiyo baada ya kukifunga, zungusha risasi bandia nyingi kwa mkono, polepole halafu kwa nguvu, kabla ya kufikiria kwenda uwanjani.

Bomba la nyongeza huchukua nafasi ya kifuniko cha mbele cha bomba la risasi, na hiyo ina maana kwamba sasa ndilo linaloukaza mtutu mahali pake. Likilegea, mtutu nao hulegea. Nililolipenda zaidi lina meno ya skrubu yaliyokatwa vizuri, na ndani yake, pale linapoungana na bomba la kiwandani, hakuna ngazi hata ya kuhisiwa na ukucha; ngazi ndogo mahali hapo hukisimamisha kisukumio, yaani kipande kinachozisukuma risasi ndani ya bomba, na risasi hubaki zimekwama mbele huku mshindani akivuta kifyatuo bure. Kisukumio cha plastiki cha kiwandani hufanya kazi, ila cha alumini au chuma cha pua huteleza kwa uhakika zaidi katika bomba refu. Springi ndefu inayokuja na bomba hukatwa kidogo kidogo, kamwe si kwa mkato mmoja mkubwa, kwa kuwa dhaifu haisukumi risasi ya mwisho na ngumu huchosha dole gumba. Kuhusu klampu inayofunga bomba na mtutu pamoja, ikaze kwa kiasi: ikibana sana inaweza kuhamisha mahali risasi inapofika, jambo ambalo huonekana wazi unapotumia risasi ya kipande kimoja kwenye shabaha ya mbali.

Sheria inaingia hapa, na si jambo la kupuuza. Nchini Marekani kifungu cha 922(r) cha sheria ya shirikisho ya silaha kinakataza kuunganisha shotigani ya kujijaza yenyewe kwa umbo lisiloruhusiwa kuagizwa kama ya michezo, ikiwa ina zaidi ya vipande 10 vya kigeni kati ya vilivyoorodheshwa na serikali. Kisukumio kimo katika orodha hiyo, mpini wa bolti haumo, na ndiyo maana visukumio vilivyotengenezwa Marekani huuzwa pamoja na mabomba ya nyongeza ya bunduki za Italia. Hesabu vipande vyako kabla ya kununua, na uangalie pia sheria ya jimbo lako. Msomaji aliye Kenya aanze kwa kuuliza Bodi ya Leseni za Silaha, na aliye Tanzania aanze kwa polisi, kabla ya kuagiza kipuri chochote.

Mpini mkubwa wa bolti na kitufe kipana cha kuachia bolti ni vitu vya makumi ya dola na vya dakika chache. Mpini huvutwa nje na mpya kusukumwa ndani. Kitufe nakisifu bila masharti. Mpini nausifu kwa masharti, kwa sababu M2 ina tabia inayojulikana: bolti ikisogezwa kidogo tu kutoka mahali pake, kichwa hakijifungi sawasawa, na ukivuta kifyatuo husikia mlio mkavu badala ya mlipuko. Mpini mrefu mno hugonga mkanda wa risasi au ukuta wa zoezi na kusababisha jambo hilo hilo. Chagua wa ukubwa wa wastani, mviringo, usio na kona za kunasia.

Springi dhaifu za kurudisha bolti, ambazo huuzwa kwa ahadi ya kukubali risasi nyepesi, sikuziona kuwa na thamani. Zinaifanya bolti irudi mbele kwa unyonge, na bunduki ikichafuka kidogo ule mlio mkavu huzidi. Seti moja niliyoinunua kutoka karakana ambayo sitaitaja ilipungua urefu kabla ya msimu kwisha, na muuzaji hakujibu barua. Vibebeo vya risasi vya kufunga ubavuni navyo viwe vyepesi au visiwepo, kwa sababu ile ile ya uzito niliyoieleza.

Choki za ziada zinafaa, mradi ziwe na meno ya skrubu ya mtutu wako hasa; mtutu wa Benelli wa aina iitwayo Crio haupokei choki za Beretta, na kulazimisha ni hatari. Kwa sahani za chuma za karibu, choki yenye mbano wa takriban milimita 0.25 inanitosha, na naiacha hiyo hiyo kwa risasi ya kipande kimoja. Mto laini wa kitako husaidia bega, lakini mnene mno hubadilisha urefu wa kitako na jinsi shavu linavyokaa.

Anayeanza upya na asiyependa kazi hizi zote aitazame Beretta 1301 Comp, ambayo hutoka kiwandani ikiwa tayari na mpini mkubwa na kitufe kikubwa, na kwa kuwa mtambo wake huendeshwa kwa gesi ya risasi, huvumilia zaidi uzito wa ziada. Mimi nimebaki na M2 kwa usafi wake na kwa jinsi inavyokaa mikononi.

Baada ya kila badiliko moja, jaribu bunduki kwa risasi nyepesi kabisa unazokusudia kutumia, bomba likiwa limejaa na pia likiwa na mbili tu, kwa kuwa uzito wa risasi zilizo ndani nao hubadilisha mwendo wa inesha. Fanya badiliko moja kwa wakati, la sivyo hutajua kipuri kipi kimeleta kasoro. Na kama bunduki hiyo hiyo utaipeleka kuwinda bata Marekani, rudisha kwanza ndani ya bomba kizibo cha kupunguza idadi ya risasi, kwa sababu sheria ya ndege wahamao hairuhusu shotigani yenye uwezo wa kubeba zaidi ya risasi 3.