Mkimbizi Nairobi: SHA (bima ya afya ya serikali) ama keshi kliniki ya mtaani?

Hii kitu inaulizwa Eastleigh kila siku. Bei kwanza, SHA kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na kama huna kazi ya mshahara unalipa ya mwaka mzima kwa mpigo, 3,600, pesa nyingi sana kwa mama wa sambusa. Keshi unatoa siku umeugua tu, lakini ikifika kujifungua kwa operesheni itakumaliza, hapo SHA inashinda wazi. Lugha je? Kliniki ya mtaani, daktari anaongea Kisomali, mama anaeleza mwenyewe panapouma bila mtoto wake kumtafsiria mambo ya aibu. Na SHA inataka kitambulisho, karatasi hazijatoka basi keshi ndiyo imebaki. Mwenye mimba ama presha, tafadhali, anza kuchangia SHA mapema.