Karakana ya chuma uani: nini ununue kwanza, nini kisubiri

Banda langu hapa Uyole, Mbeya, lilikuwa la ng'ombe wawili wa maziwa kabla sijalimwagia zege. Lina futi 12 kwa 16, tofali za kuchoma, bati juu, na dirisha moja la upande wa asubuhi. Vijana wanaopita hapa wananiuliza swali lile lile: "Mzee, nina akiba kidogo, nianze na mashine gani?" Wengi wao moyoni wameshaamua kwamba watanunua mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Nawaelewa kabisa. Hakuna kazi inayonifurahisha kama kuona chuma kikimenyeka taratibu kama ganda la chungwa. Lakini nimeshaona mashine nzuri za kukereza zimefunikwa turubai mwaka mzima, moja kwa sababu umeme haukuitosha, nyingine kwa sababu mwenyewe hakubakiwa na hela ya hata jiliwa la kubania kazi.

Kwa hiyo nimepanga vitu kwa kufuata kazi zinazobisha hodi katika mikoa yetu: pawatila za wakulima wa mpunga wa Mbarali, plau za ng'ombe, mageti, mashine za kusaga, karasha za wachimbaji wa dhahabu kule Chunya, dingdong za kupasulia mbao Mufindi, na pikipiki kila kona. Kinacholipa mapema katika kazi hizo ndicho nimekitanguliza.

Kabla ya mashine yoyote: waya na sakafu

Nyumba nyingi zina umeme wa njia moja, yaani fezi moja, volti 230. Banda huwa liko nyuma ya nyumba, na fundi wa kwanza anayeitwa huvuta waya wa milimita 2.5 za mraba kwa sababu ndio uliobaki kwenye kapu lake. Usikubali. Chukua banda lililo mita 30 kutoka kwenye swichi kubwa, na mashine inayovuta ampia 20: waya wa 2.5 utapoteza karibu volti 11 njiani, wakati wa milimita 6 utapoteza volti 4 na kitu. Jioni mtaa mzima ukiwa unapika, umeme umeshashuka wenyewe, na hizo volti 11 ndizo zinazofanya mota ingurume bila kuzunguka hadi ianze kunuka. Nunua wa milimita 6 mara moja, breka yake peke yake, na ethi iliyochimbiwa kweli. Unashika vyuma umesimama kwenye zege lenye unyevunyevu, kwa hiyo ethi si pambo.

Jambo jingine watu hawalihesabu ni kundi la mita. Kama LUKU yako iko kwenye D1, lile la nyumba zinazotumia hadi uniti 75 kwa mwezi, karakana itakutoa humo na utalipa kwa bei ya T1. Liingize kwenye bei unayomtajia mteja tangu siku ya kwanza.

Sakafu iwe zege la inchi 4 kwa uchache, na inchi 6 pale utakapokuja kuweka mashine nzito. Ukiweka mashine ya kukereza juu ya sakafu inayotikisika, itakereza mwanzo mwembamba na mwisho mnene, nawe utailaumu mashine.

Nambari 1: jiliwa

Sitarefusha hapa. Nunua la inchi 6, zito kadiri mfuko unavyoruhusu. La chuma cha kusubu linafaa, ila usilipige nyundo ya kilo nne, litapasuka. La chuma cha kufua hudumu zaidi. Dukani lifungue hadi nusu, ushike taya ya mbele na kuitikisa juu na chini. Likicheza sana, liache hapo hapo. Pamoja nalo chukua tupa tatu, msumeno wa chuma, seti ya tepu za kukatia nyuzi ndani ya tundu, M6 hadi M12, na kalipa ya venia ya kupimia. Kijana mwenye jiliwa na tupa anaweza kutengeneza kabari ya shafti siku hiyo hiyo aliyofungua banda.

Nambari 2: mashine ya kuchomelea

Hii ndiyo itakayokulisha, kwa hiyo hapa tukae kidogo. Sokoni kuna aina tatu na ninazipanga hivi.

Ya kwanza ni inverta, kisanduku chepesi unachoning'iniza begani. Kwa banda lenye njia moja, sina shaka nayo. Kwa rodi ya milimita 2.5 unahitaji ampia 60 hadi 100, kwa ya 3.2 ni 90 hadi 140, na inverta inafanya kazi hiyo bila kufifisha taa za jirani. Tahadhari ni mbili. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni usiiamini peke yake. Tafuta kibao cha nyuma kinachoonyesha ampia ngapi kwa asilimia ngapi za muda: kikisema 140 kwa asilimia 60, maana yake katika kila dakika kumi unachomelea sita na kuipumzisha nne. Kisanduku kisicho na kibao hicho ukirudishe. Tahadhari ya pili ni vumbi la grainda. Ni chuma kilichosagika, na feni ya inverta inalivuta lote hadi kwenye vifaa vya umeme vya ndani. Yangu ya kwanza ilikufa hivyo kwa uzembe wangu, nilikuwa nimeiweka chini mbele ya mahali ninaposaga. Sasa inakaa juu ya rafu, na kila Jumamosi naipuliza kwa pampu ya baiskeli.

Ya pili ni transfoma iliyosukwa kwa shaba. Ni nzito, haina kitu cha kielektroniki cha kuharibika, na ukiitunza utairithisha. Shida yake ni kwamba inavuta ampia nyingi kuliko inverta kwa kazi ile ile. Kama umeme wako ni imara na kazi ni mageti mazito kutwa nzima, ichukue bila wasiwasi.

Ya tatu ni transfoma iliyosukwa kwa alumini, na nyingi zinauzwa kama za shaba. Kwangu ni ya mwisho. Muuzaji mmoja aliniapia kuwa ni shaba tupu. Nilipokwangua varnishi kwa ncha ya kisu kwenye mwisho wa waya, weupe ukatokea. Kwangua kabla ya kulipa. Akikataa usikwangue, umeshapata jibu.

Juni na Julai baridi ikikaza, utashawishika kufunga mlango ukichomelea, au kuingiza jiko la mkaa ndani. Tafadhali usifanye. Moshi wa bomba lililopakwa zinki unaleta homa usiku ule ule, na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa linaua bila harufu. Vaa koti la pili, acha mlango wazi.

Nambari 3: grainda

Anza na ndogo ya milimita 115, ya wati 800 au zaidi. Kubwa ya 230 itakuja baadaye ukipata kazi za nondo na reli. Ninachokuomba kwa dhati ni kimoja: usitoe kinga ili uvishe diski kubwa. Grainda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya milimita 180 imeruhusiwa 8,500 hivi, na ya 230 imeruhusiwa 6,600 tu. Ukiifunga kwenye grainda ndogo umeshika kitu kinachotaka kupasuka, na vipande vyake vinaelekea kwenye shingo. Nimemsindikiza mwenzangu hospitali kwa jambo hili, naye alikuwa fundi hodari kuliko mimi. Miwani inunue siku moja na grainda, kwenye risiti moja.

Nambari 4: keekee ya meza

Wengi huangalia ukubwa wa kichwa cha kushikia kichoro, yaani biti ya kutobolea, milimita 13 au 16. Mimi huangalia mwendo wake wa chini kabisa. Kutoboa chuma laini kwa kichoro cha milimita 10 kunataka mizunguko kama 800 kwa dakika, na kwa cha milimita 20 kunataka 400. Keekee nyingi za bei ndogo hazishuki hivyo, kwa hiyo kichoro kikubwa kinaungua ncha kabla hakijazama. Soma jedwali la mikanda lililo chini ya kifuniko. Kisha shusha kichwa hadi mwisho na ukisukume pembeni kwa kidole. Kikicheza, tundu lako litakuwa yai.

Nambari 5: mashine ya kukereza

Sasa tumefika. Ukiwa na vinne vya juu, na wateja wanaoleta shafti na bushi kiasi kwamba unachoka kuwapeleka kwa fundi mwingine mjini, wakati umefika. Kwa banda la uani ninazipanga hivi.

Nafasi ya kwanza naipa mashine ya mtumba ya ukubwa wa kati, ya Ulaya au Asia, yenye kilo mia kadhaa, urefu wa sentimita 60 hadi 100 kati ya ncha mbili, na mota isiyozidi kilowati 2.2. Uzito wake ndio unaozuia mtetemo, na chuma chake kimeshatulia. Lakini ichukue kwa kuipima tu. Beba kipande cha shafti cha milimita 30 na mikromita. Kibane kitokeze sentimita 10, kereza kidogo sana kutoka mwisho hadi mwisho, kisha pima ncha zote mbili. Tofauti ya milimita 0.03 inavumilika, ya 0.1 inakwambia reli zimekwisha. Halafu sogeza kibebeo cha kisu kutoka kwenye kichwa hadi mwisho wa reli. Kikiwa chepesi karibu na kichwa na kikakaza huku mwishoni, ujue reli zimelika pale zilipofanya kazi miaka yote. Hesabu na gia za kubadilisha, zisipungue. Mashine za zamani za Uingereza zina skrubu ya inchi, na ili zikate nyuzi za bolti za milimita sawasawa zinahitaji gia ya meno 127, kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4. Bila gia hiyo, bolti ya pikipiki ya M10 hutaikata sawasawa. Kwa upande mwingine, Massey Ferguson za zamani mashambani zina bolti za inchi, kwa hiyo mashine inayokata zote mbili ina thamani kubwa kwetu.

Lililo gumu zaidi ni mota. Mashine za kiwandani ni za njia tatu. Kuna kifaa kinachopokea njia moja na kutoa njia tatu, wengi tunakiita inverta ya mota, na ni kizuri kwelikweli: unapata hata kupunguza mwendo kwa kitufe. Ila kinatoa volti 230, hakizidishi. Kwa hiyo soma kibao cha mota. Kikiandikwa 230/400, mafundi wataunga waya za mota kwa delta, namna inayofaa volti 230, na utafanya kazi kwa nguvu zote. Kikiandikwa 400/690, achana nacho au nunua mota nyingine. Mpwa wangu Njombe alipandisha mashine kutoka Dar es Salaam bila kusoma kibao. Ilizunguka vizuri, akashangilia, lakini kisu kilipogusa chuma ikasimama, kwa sababu mota ya namna hiyo ikilishwa volti 230 inabaki na theluthi moja tu ya nguvu yake. Alinunua mota ya pili, na sasa inafanya kazi safi.

Nafasi ya pili ni mpya ya Kichina ya mezani, inayozungusha kazi ya milimita 210 hadi 250, mota ya njia moja. Kama huna mtu wa kukupimia mtumba, hii ndiyo yako. Ukiifikisha, ifungue, ioshe kwa mafuta ya taa, kwani mchanga wa kiwandani huwa umebaki ndani, kisha ikaze upya na uipake oili.

Nafasi ya tatu ni ile ndogo ya milimita 180 na kilo 40 hivi. Kwa pini, bushi ndogo na kujifunza inatosha. Tundu la katikati ni milimita 20 tu, kwa hiyo shafti ya karasha haipiti.

Ile kubwa ya tani mbili inayouzwa bei ya kutupa, waachie wenye njia tatu na winchi.

Jenereta na kutu

Ukifikiria jenereta, kumbuka tuko juu. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa nyembamba inapunguza nguvu ya injini ya petroli kwa asilimia 15 hadi 20. Iliyoandikwa kilowati 5 ihesabu kuwa 4.

Na bati letu usiku linatoa jasho, Tukuyu zaidi ya wote. Asubuhi utakuta reli zimefunikwa matone. Weka dari hata ya gunia na mbao, na kila jioni futa chuma kilichong'aa kwa kitambaa chenye oili safi. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari usiitumie, ina asidi na unga wa chuma, nayo italeta kutu ile ile uliyoikimbia. Mimi nafunika na blanketi kuukuu la sufu juu yake. Nailoni huzuia jasho lisitoke.