TAHADHARI: Matapeli wa hoteli kongwe za ziwani, huko milimani

Ndugu zangu, chonde chonde, yeyote anayepanga mapumziko kwenye hoteli ya zamani ya milimani iliyo kando ya ziwa, asome hapa kabla ya kutuma hata senti. Kuna tangazo linazunguka: jengo la mbao, baraza refu lenye viti vya kubembea, mashua imefungwa gatini, ukungu umetanda juu ya maji. Rafiki yangu wa karibu alilipia wiki nzima. Alipofika, hoteli aliikuta ni ya kweli kabisa, ila jina lake halikuwepo mapokezi. Wahudumu walimsikiliza kwa huruma, wakamwambia si wa kwanza kufika hapo na risiti ya aina ile. Aliyepokea pesa hawamjui. Aliiba picha zao, akafungua tovuti yenye jina lililopishana na lao kwa herufi moja.

Kinachoniuma ni jinsi tapeli huyu anavyojificha nyuma ya ukongwe wenyewe. Ukimuuliza kwa nini hapokei kadi, anasema hoteli ni ya kizamani, mashine hawajaweka. Ukitaka akuoneshe chumba kwa video, mtandao haushiki mlimani. Ukiomba picha za mwaka huu, anakutumia zilezile, eti jengo halijabadilika tangu enzi za mababu. Kila jibu likisikika peke yake linaingia akilini, ndiyo maana hata watu makini wanalizwa. Yaweke pamoja uone: yote yanakufungia njia ya kuhakiki.

Hoteli kongwe za kweli hazina sababu ya kujificha. Mohonk Mountain House, katika jimbo la New York, inapokea wageni kando ya ziwa lake tangu 1870, na nafasi unaiweka kwa simu au kwenye tovuti yake kama hoteli nyingine yoyote. Kwa hiyo tafuta mwenyewe namba ya hoteli, usitumie ile iliyo kwenye tangazo, kisha piga uulize kama nafasi yako ipo na kama anayekuuzia wanamfahamu. Simu hiyo moja ingemwokoa rafiki yangu.

Zikague picha pia. Ziingize kwenye huduma ya kutafuta picha mtandaoni uone zimetokea wapi kwingine na kwa jina gani. Halafu fikiria majira, maana hapa ndipo wengi wao huumbuka. Lake Louise kule Canada, kwa mfano, iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida barafu huliachia ziwa hilo mwanzoni mwa Juni. Ile rangi ya feruzi inayopendeza pichani hutokana na unga laini wa mawe yanayosagwa na barafu ya mlimani, unaoletwa na maji inapoyeyuka wakati wa joto. Mtu anayekuahidi kupiga makasia kwenye maji hayo mwezi wa Machi hajui hata ziwa analouza. Kumbuka vilevile kwamba baadhi ya hoteli za milimani hufungwa msimu mzima wa baridi, na tapeli anaweza kuuza nafasi kipindi hicho akijua simu ya hoteli haipokelewi. Ikiwa hivyo, subiri wafungue.

Ile alama ya kufuli kwenye anwani ya tovuti isikutulize. Maana yake ni kwamba mawasiliano yamefichwa njiani tu, na mwizi naye anaipata bure. Afadhali uangalie tarehe ya kusajiliwa kwa tovuti. Hoteli ijiite ya karne nzima na tovuti iwe ya mwezi uliopita? Uliza maswali.

Akikuvuta utoke kwenye mfumo wa kuwekea nafasi mkamalizane WhatsApp kwa punguzo, achana naye. Ukilipa kwa kadi unaweza kuiomba benki ipinge malipo. Ukituma kwenye akaunti ya mtu binafsi, zikishatolewa, kuzirudisha ni kazi ngumu mno.

Kama umeshatuma, piga simu benki sasa hivi, usifute ujumbe wowote, ripoti polisi na uijulishe hoteli yenyewe. Na akitokea mtu anayesema atakurudishia pesa zako ukimlipa ada kwanza, usimpe kitu, huyo naye ni tapeli.